Mafuriko, kuhara na mshtuko: Jinsi mwili unavyoishiwa na maji na chumvi, na jinsi wauguzi wanavyovirejesha

Mafuriko ya Mto Tana yanapopungua na watu kuanza kurejea vijijini, hatari nyingine huwa imekwisha kuingia. Vyoo vimefurika, visima vimechanganyika na maji taka, na mtu aliyeamka asubuhi akiwa mzima huweza kufikishwa kwenye zahanati jioni akiwa amebebwa, macho yamemwingia ndani na mikono imekuwa baridi kama ya maiti.

Hali hiyo si ngeni katika sehemu za Nanighi, kando ya mto huo kusini mwa mji wa Garissa, wala kwa wakazi wa Bura, Hola na Garsen. Mabwawa ya Seven Forks, likiwemo lile la Masinga, yakijaa huko juu, maji huteremka kwa nguvu hadi nyanda za chini. Wakulima Wapokomo pamoja na wafugaji Waorma, Wawardei na Wasomali hujikuta wakichota maji ya kunywa kwenye madimbwi yale yale yanayonywewa na mifugo.

Mwezi Mei mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba wagonjwa 44 wa kipindupindu walikuwa wameripotiwa katika Kaunti ya Tana River kufuatia mvua kubwa za msimu huo. Kabla ya hapo, mlipuko ulioanza nchini Kenya mwezi Oktoba mwaka 2022 ulikuwa umezikumba kaunti nyingi, zikiwemo Garissa na Tana River.

Jina la kipindupindu hutia hofu, na watu wengi hudhani kwamba viini vyake humla mgonjwa kutoka ndani. Kumbe viini hivyo hukaa utumboni tu na wala haviingii katika damu. Mgonjwa hufa kwa sababu maji na chumvi humtoka kwa kasi kuliko anavyoweza kuvirejesha, hata damu iliyobaki katika mishipa ikawa haba na nzito, ikashindwa kuufikia ubongo, figo na moyo wenyewe. Hali hiyo ndiyo inayoitwa mshtuko.

Neno hilo huwatatiza wasomaji wengi, kwani katika mazungumzo ya kila siku mshtuko ni fadhaa anayoipata mtu anapoletewa habari mbaya. Katika uuguzi maana yake ni nyingine kabisa. Mshtuko ni upungufu wa damu inayozifikia seli za mwili, na seli zisipopata damu hukosa hewa ya oksijeni na chakula, zikaanza kufa.

Ili kuelewa namna mtu anavyofikia hatua hiyo kwa muda wa saa chache tu, ni lazima kwanza kuyafahamu maji aliyonayo mwilini.

Mtu mzima mwenye uzani wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji, yaani asilimia 60 hivi ya uzani wake. Theluthi mbili za maji hayo zimo ndani ya seli. Theluthi iliyobaki, lita 14 hivi, imo nje ya seli, na sehemu yake kubwa imezizunguka seli hizo. Kiasi cha lita tatu tu ndicho kinachozunguka ndani ya mishipa ya damu kikiwa utegili, ile sehemu ya majimaji inayobeba chembechembe za damu.

Lita tatu kati ya 42 ni kiasi kidogo mno, na ndicho kinachoamua iwapo mtu ataishi au atakufa.

Kwa mtoto mchanga hesabu ni kali zaidi. Asilimia 75 hivi ya uzani wake ni maji, na sehemu kubwa ya maji hayo imo nje ya seli ambako hupotea upesi. Kila siku mtoto mchanga huingiza na kutoa karibu nusu ya maji yake yaliyo nje ya seli, ilhali mtu mzima hubadilisha sehemu moja tu kati ya saba. Ndiyo maana mtoto aliyehara usiku mmoja huweza kuzidiwa kabla ya kucha, huku baba yake aliyekula chakula kile kile akilalamikia tumbo tu.

Jambo jingine lisilofahamika na wengi ni kwamba utumbo wa mtu mzima hupitiwa na lita nane au tisa za majimaji kila siku. Kati ya hizo, zinazonywewa ni lita mbili hivi; zilizobaki ni mate, majimaji ya tumbo, nyongo na giligili za kongosho na utumbo wenyewe. Karibu yote hufyonzwa yakarudi katika damu, na kinachotoka na choo ni mililita 100 hadi 200 tu.

Sumu ya viini vya kipindupindu huuvuruga mpango huo. Huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi ya kloridi bila kukoma, nayo sodiamu hufuata, kisha maji hufuata chumvi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya huweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Choo chake huwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na hapo ndugu wanaomwuguza hukosea wakidhani kwamba yanayomtoka ni maji matupu.

Maji hayo yana chumvi nyingi. Damu ya mtu mwenye afya huwa na sodiamu ya milimoli 135 hadi 145 katika kila lita, na potasiamu ya milimoli 3.5 hadi 5. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli na ndiyo inayoyashika maji yabaki katika mishipa. Potasiamu kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya seli, na tofauti hiyo ya ndani na nje ndiyo inayowezesha misuli kukunjuka na moyo kupiga kwa mpangilio.

Wafugaji wa bonde la Tana hawahitaji kufundishwa umuhimu wa chumvi. Ng'ombe aliyeikosa hulamba udongo, hudhoofika na maziwa hupungua, na mwenye mifugo hufanya safari ndefu kuwapeleka wanyama wake penye ardhi ya chumvichumvi. Ajabu ni kwamba nyumbani kwa mfugaji huyo huyo mtoto anayehara huweza kupewa maji matupu, au hata kunyimwa kinywaji chochote kwa kudhaniwa kwamba akinywa ataendelea kuhara.

Kumnyima ni kumharakishia kifo. Kumpa maji matupu kwa wingi nako kuna hatari yake, kwa maana sodiamu iliyobaki katika damu huzimuliwa, maji huingia ndani ya seli za ubongo, nao ukavimba. Mtoto huchanganyikiwa, kisha hushikwa na kifafa, na jamaa zake huenda wakadhani kwamba amepatwa na jambo lisilohusu hospitali. Potasiamu nayo ikipungua, miguu hukosa nguvu, tumbo huvimba kwa kuwa utumbo umeacha kusukuma, na moyo huweza kupiga ovyo au kusimama.

Mwili haukubali kushindwa kwa urahisi. Mishipa mikubwa ya shingoni na kifuani ina vipokezi vinavyotambua mara moja kwamba damu imepungua. Homoni ya adrenalini humwagwa, moyo hupiga mbio, na mishipa ya ngozi na ya utumbo hujibana ili damu kidogo iliyopo iende kwenye ubongo na moyo. Figo huagizwa zizuie maji na sodiamu, na kiu huwa kali.

Kila dalili anayoitafuta muuguzi hutokana na kinga hiyo. Mikono na miguu huwa baridi kwa sababu damu imeondolewa huko. Mpigo wa mshipa kifundoni mwa mkono huwa wa kasi na hafifu. Mkojo hupungua, ukawa mweusi, hatimaye ukakatika. Muuguzi akiukandamiza ukucha wa mgonjwa hadi uwe mweupe kisha akauachilia, wekundu huchukua zaidi ya sekunde tatu kurejea, jambo ambalo kwa mtu mwenye afya huchukua chini ya sekunde mbili.

Hapa pana mtego uliokwisha kuwanasa wahudumu wengi. Kwa kuwa mishipa imejibana, mashine ya kupimia shinikizo la damu huweza kuonyesha kiwango cha kawaida huku mgonjwa akiwa ukingoni mwa kaburi. Kwa watoto hasa, shinikizo hubaki juu kwa muda mrefu, kisha huporomoka ghafla. Anayesubiri mashine imwambie kwamba mgonjwa yumo katika mshtuko huwa amechelewa.

Kwa mtoto anayehara, WHO huelekeza zitafutwe dalili nne: kulegea au kupoteza fahamu, macho kuingia ndani, kushindwa kunywa au kunywa kwa shida, na ngozi ya tumbo ambayo ikifinywa hukawia sekunde mbili au zaidi kurudi mahali pake. Akiwa na dalili mbili kati ya hizo, anahesabiwa kuwa amekaukiwa vibaya, na kwa kawaida huwa amepoteza zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya uzani wake. Hakuna hata moja kati ya dalili hizo inayohitaji umeme wala maabara.

Kuna dalili nyingine ambayo hupotosha. Mgonjwa aliyekaukiwa sana huvuta pumzi ndefu, nzito na za haraka, kana kwamba ametoka mbioni. Muuguzi asiye makini huandika kwamba ni homa ya mapafu. Akisikiliza kifua, hewa hupita vizuri.

Chanzo cha pumzi hizo ni asidi. Damu ya binadamu hudumu katika kipimo chembamba sana cha asidi na alkali, kati ya 7.35 na 7.45, na nje ya hapo kemia ya seli huvurugika. Mwili hutengeneza asidi kila dakika na huihimili kwa njia tatu. Bikaboneti iliyomo katika damu huizimua, mapafu hutoa nje hewa ya kaboni ambayo ikibaki hugeuka asidi, na figo huitoa asidi katika mkojo huku zikirejesha bikaboneti.

Mgonjwa wa kipindupindu huvamiwa pande zote. Choo chake hubeba bikaboneti kwa wingi. Seli zisizopata oksijeni ya kutosha huzalisha asidi ya lakteti. Figo, kwa kukosa damu, zimeacha kazi. Lililobaki ni mapafu, nayo hupuma kwa bidii kuitoa hewa ya kaboni ili kuokoa hali. Pumzi hizo zikitulia baada ya mgonjwa kupewa maji, muuguzi hujua kwamba mizani inarudi. Zikianza kutulia huku mgonjwa akizidi kulegea na mikono ikiwa bado baridi, maana yake ni kwamba nguvu za kupumua zinamwishia.

Tiba ya haya yote ina historia ndefu na yenye mafunzo. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoikumba Uingereza, daktari Thomas Latta wa Leith, karibu na Edinburgh, aliyachanganya maji, chumvi na magadi kidogo akayaingiza katika mshipa wa mwanamke mzee aliyekuwa akikata roho. Alikuwa amesoma maandishi ya kijana William O'Shaughnessy, aliyekuwa amechunguza damu ya wagonjwa na kugundua kwamba imepungukiwa na vitu hivyo hivyo.

Mwanamke huyo aliinuka, akapata joto, akasema kwamba hana maumivu. Latta alimwachia daktari wa hospitali akaenda zake kupumzika. Kuhara kukarudi, hakuna aliyemwongezea maji, na baada ya saa tano na nusu hivi akafariki. Latta mwenyewe aliandika kwamba matibabu yangeendelezwa huenda angepona. Kisa hicho kina karibu miaka 200, lakini kosa lililotendeka ni lile lile linalotendeka leo katika vyumba vya wagonjwa: chupa ya kwanza huisha, mgonjwa hufumbua macho, na kila mtu hupumua kana kwamba kazi imekwisha.

Maji ya mshipani hayakuweza kuwafikia wanyonge wengi. Yanahitaji sindano, mirija, chupa safi na mtu aliyefunzwa. Suluhisho lilitokana na ugunduzi ambao mwanzoni haukuhusu kipindupindu kamwe. Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba utumbo huifyonza sukari aina ya glukosi ukiwa umeishikanisha na sodiamu. Vitu hivyo viwili hupita mlango mmoja, na maji huvifuata nyuma.

Mlango huo hauharibiwi na sumu ya kipindupindu. Mnamo 1968 huko Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walionyesha kwamba wagonjwa waliokunywa maji yenye glukosi na chumvi kwa vipimo sahihi walihitaji maji ya mshipani pungufu kwa asilimia 80 hivi.

Miaka mitatu baadaye, vita vya ukombozi wa Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya wakimbizi kuingia India. Katika kambi ya Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na chupa za maji ya mshipani. Aliamua kuchanganya chumvi na glukosi katika mapipa na kuwaachia jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 hivi vilishuka hadi chini ya asilimia nne. Mahalanabis alifariki mwaka 2022, na watu wengi ambao watoto wao waliokolewa na mchanganyiko huo hawajawahi kulisikia jina lake.

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Ya mwilini huzoleka, mradi yanazolewa kwa kipimo.

Kipimo kinachotumika sasa kilipitishwa na WHO na UNICEF mwaka 2002. Lita moja ya maji ya ORS huwa na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti. Msomaji akitazama vizuri ataona kwamba kila kitu kilichopotea kina badali yake humo: sodiamu, kloridi na potasiamu zimo, na sitreti hugeuzwa na mwili ikawa bikaboneti ya kupambana na asidi. Glukosi imo kwa ajili ya kuufungua ule mlango. Mgonjwa hapewi ili ashibe.

Ndiyo sababu kuongeza sukari ili maji yawe matamu ni kosa. Sukari ikizidi huyavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara huongezeka. Soda na sharubati za dukani zina dosari hiyo hiyo.

Pakiti nyingi huchanganywa na lita moja, lakini zipo za nusu lita, na ni muhimu kusoma maandishi kabla ya kumimina. Palipokosekana pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, huchanganywa na lita moja ya maji safi. Mchanganyiko huo hauna potasiamu wala sitreti, kwa hivyo ni wa kumsogeza mgonjwa hadi pakiti ipatikane. Uliochanganywa ukikaa zaidi ya saa 24 humwagwa.

Katika nyanda za Tana pana jambo la ziada ambalo mabango ya afya hayalitaji mara nyingi. Visima vingi vilivyo mbali na mto hutoa maji ya chumvichumvi, na huko chini katika delta, upande wa Ozi na Kipini, maji ya bahari hupanda mtoni wakati wa kiangazi. Pakiti ya ORS ikichanganywa na maji ya namna hiyo, sodiamu huzidi kipimo, na mtoto akinywa huweza kuzidiwa na kiu na kusinzia. Maji ya mto yaliyotuama, yakachujwa kwa kitambaa safi, kisha yakachemshwa au kutiwa klorini, ni bora kuliko maji ya kisima yaliyo maangavu lakini yana ladha ya chumvi. Klorini huua viini, chumvi haiiondoi.

Mtoto anayehara lakini bado hajakaukiwa hupewa mililita 50 hadi 100 za ORS kila baada ya choo akiwa chini ya miaka miwili, na mililita 100 hadi 200 akiwa mkubwa zaidi. Aliyeanza kukaukiwa hupewa mililita 75 kwa kila kilo ya uzani wake katika muda wa saa nne, kijiko baada ya kijiko, mbele ya muuguzi. Akitapika, anayemnywesha hungoja dakika kumi kisha huanza tena polepole. Maziwa ya mama hayasimamishwi hata kidogo.

Aliyekaukiwa vibaya huhitaji maji ya mshipani, mililita 100 kwa kila kilo. Mtoto wa miaka miwili mwenye kilo kumi hupewa mililita 300 katika nusu saa ya kwanza, na 700 katika saa mbili na nusu zinazofuata. Aliye chini ya mwaka mmoja hupewa kwa mwendo wa taratibu zaidi: mililita 30 kwa kila kilo katika saa ya kwanza, na 70 katika saa tano.

Maji yanayopendekezwa ni yale ya Ringer yenye lakteti, ambayo wauguzi wengi huyaita Hartmann. Yana sodiamu na potasiamu kidogo, nayo lakteti yake hugeuzwa na ini ikawa bikaboneti. Maji ya glukosi pekee hayafai kwa kazi hii, hata kama ndiyo yaliyobaki kabatini, kwani hayana chumvi ya kuyashika maji ndani ya mishipa.

Mwongozo wa WHO husema kwamba ikiwa maji ya mshipani yanapatikana kwa mwendo wa chini ya nusu saa, mtoto apelekwe mara moja. Yeyote anayeijua barabara ya kutoka vijiji vya mtoni kwenda Garissa au Hola wakati wa mvua, pale magari yanapolala matopeni, ataona kwamba sharti hilo si la huko. Kwa sababu hiyo, sehemu nyingine ya mwongozo huo ina thamani kubwa zaidi katika sehemu kama Nanighi. Muuguzi aliyefunzwa huweza kupitisha mrija puani hadi tumboni na kumpa mtoto ORS, mililita 20 kwa kila kilo kwa saa, kwa muda wa saa sita. Na mtoto anayeweza kumeza hunyweshwa njia nzima, awe ndani ya gari, mtumbwini au juu ya bodaboda.

Hadi hapa msomaji huenda akadhani kwamba mshtuko wote hutibiwa kwa kumjaza mgonjwa maji. Sivyo hata kidogo, na ushahidi wa kusadikisha zaidi ulitoka Pwani ya Kenya yenyewe.

Mshtuko una vyanzo kadhaa. Upo wa kupungukiwa na maji au damu, kama wa kuhara, wa jeraha au wa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Upo wa moyo uliochoka kusukuma. Upo wa mishipa kulegea na kutanuka kutokana na maambukizi makali au mzio, ambapo damu ipo lakini chombo chake kimekuwa kikubwa mno. Na upo wa kuzuiwa, kama vile hewa au maji yanapoukandamiza moyo kutoka nje. Kwa nje wagonjwa hao hufanana: mikono baridi, mpigo wa kasi, fahamu zinazofifia.

Kwa miaka mingi madaktari duniani waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi waliamua kuipima imani hiyo. Utafiti wao, uliojulikana kama FEAST, uliwahusisha zaidi ya watoto 3,100 wenye homa kali katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Waliokuwa wakihara na wenye utapiamlo mkali hawakujumuishwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na yaliwashangaza wengi. Kati ya watoto waliopewa maji mengi kwa haraka, asilimia 10.5 hivi walifariki katika saa 48 za kwanza. Kati ya wale waliopewa maji ya kawaida ya matunzo tu, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwani haikuwa haki kuendelea.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi wa watoto hao waliuawa na kudhoofika kwa moyo na mzunguko wa damu. Jambo moja lililotajwa ni lile lile la asidi. Maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali yana kloridi ya milimoli 154 kwa lita, ilhali damu ina 100 hivi. Kloridi ikizidi, bikaboneti hupungua, na damu iliyokwisha kuwa na asidi huzidi kuchachuka.

Kwa hiyo maji yale yale yanayomwinua mtoto wa kipindupindu huweza kumwangusha mtoto wa malaria kali aliyelala kitanda cha pili. Muuguzi wa zahanati asiye na maabara hana budi kuuliza kabla ya kutundika chupa: mtoto huyu amehara? Mara ngapi? Tangu lini? Amekojoa lini mara ya mwisho? Vitanga vyake ni vyeupe kwa kupungukiwa na damu? Mwaka 2016 WHO ilirekebisha mwongozo wake, ikataka dalili tatu zionekane kwa pamoja, yaani mikono na miguu baridi, wekundu unaokawia zaidi ya sekunde tatu na mpigo hafifu wa kasi, kabla mtoto mwenye homa hajahesabiwa kuwa katika mshtuko wa kutibiwa kwa maji, na hata hapo apewe taratibu.

Ukame uliolikausha eneo hilo kati ya 2020 na 2023 uliacha funzo la aina nyingine. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huwa na macho yaliyoingia ndani na ngozi iliyolegea hata kama hajakaukiwa na maji, kwa kuwa mafuta yaliyokuwa chini yake yamekwisha. Mwili wake umejaa sodiamu iliyojificha ndani ya seli na umepungukiwa na potasiamu, na moyo wake ni dhaifu. Akihara kuhara kwa kawaida, hupewa mchanganyiko maalumu wenye sodiamu kidogo na potasiamu zaidi, kwa kiasi kidogo kidogo, akitazamwa kila nusu saa. Ikiwa ni kipindupindu, ambacho huondoa sodiamu kwa wingi, hurudishwa kwenye ORS ya kawaida.

Kifaa kinachosaidia kuliko vyote katika kazi hii ni karatasi iliyopigwa mistari miwili. Upande mmoja huandikwa kila kilichoingia, na upande wa pili kila kilichotoka: choo kilichopimwa ndooni, matapishi, na mkojo. Mtoto anayepona hukojoa angalau mililita moja kwa kila kilo kwa saa, na mtu mzima nusu ya kiasi hicho. Mpigo na pumzi huhesabiwa upya, mgonjwa hupimwa uzani, na hesabu hufanywa tena.

Kope zikianza kuvimba, au kikohozi na pumzi za haraka zikianza wakati maji yanaendelea, chupa hupunguzwa kasi au kufungwa, kwani maji yamezidi. Mgonjwa akiweza kunywa, huanzishiwa ORS hata kabla ya maji ya mshipani kwisha, na mtoto huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita. Potasiamu ya ziada ya mshipani haiguswi hadi figo zimeanza kufanya kazi, na ishara yake ni ile ambayo mama aliyekesha kando ya kitanda huiona kabla ya muuguzi, nguo ya mtoto ikiwa imelowa mkojo.